Tanga Halijikunji Lenyewe

Kuna maneno matatu ambayo, kama ningepewa mamlaka, ningeyapiga marufuku katika kila bandari ya pwani yetu: "Hiki hakihitaji kushughulikiwa." Muuzaji huyasema akitabasamu, kwa sababu yanauza. Mnunuzi huyapokea kwa furaha, kwa sababu yanamwondolea mzigo. Anayebaki na matokeo yake ni mtu wa tatu ambaye siku ya mauzo hakuwapo: kijana anayelinda chombo kikiwa nangani, au baharia aliye baharini saa nane za usiku upepo unapogeuka. Hapa nayapinga maneno hayo, na mfano wangu ni mmoja tu, nao ni mtambo wa kukunjia tanga kuu katika yoti za safari.

Huenda msomaji akauliza mwalimu mstaafu ameingiliaje mambo ya yoti. Naishi Tanga, na mtu wa mji huu akiulizwa habari za tanga hana pa kujificha. Yoti za wageni hutia nanga katika ghuba yetu, nyingine kwa siku mbili, nyingine kwa miezi kadhaa. Wenyewe wakirudi makwao huwaachia vijana wetu kazi ya kuzilinda, na vijana hao huniletea vitabu vya maelekezo niwafasirie, kwa kuwa vimeandikwa Kiingereza cha mafundi ambacho hata Mwingereza wa kawaida humtoa jasho. Nimefasiri vya kutosha hata nikaujua mtambo huo kipande kwa kipande. Jambo moja limenishangaza kila mara. Kitabu huja kwangu kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, gundi haijabanduliwa. Yaani chombo kimevuka bahari na mwenye chombo hajasoma ukurasa wa kwanza.

Nianze kwa kuupa mtambo haki yake. Tanga kuu la yoti ya kawaida huteremshwa kwa henza, likaangukia juu ya mti wa chini, na mtu hulazimika kupanda kwenye sitaha inayoyumba kulikusanya na kulifunga. Wengi wameanguka baharini katika kazi hiyo. Kwa sababu hiyo wahandisi walitafuta njia ya kuliviringisha tanga kama tunavyoviringisha mkeka. Fikra yenyewe si ya jana. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza Cunningham alibuni njia ya kupunguza matanga ya juu ya merikebu kubwa kwa kuzungusha foromali, ili mabaharia wasipande mlingotini. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtambo wa Wykeham-Martin ukawawezesha wenye mashua ndogo kuviringisha tanga la mbele kwa kuvuta kamba moja. Katika miaka ya 1970 Ted Hood wa Marblehead, Massachusetts, fundi wa matanga ambaye mwaka 1974 aliliongoza chombo Courageous kutetea Kombe la America, alikuwa miongoni mwa waliouvumisha mlingoti unaolimeza tanga kuu lote ndani yake.

Mlingoti huo una uwazi ndani, na ndani ya uwazi umesimama mhimili mwembamba wa alumini. Ukingo wa mbele wa tanga huingizwa katika mfereji wa mhimili. Juu kuna kizungushi chenye beringi, kinachoruhusu tanga lizunguke huku henza ikibaki imetulia. Chini kuna gurudumu la kamba, au mota ya umeme. Ukitaka kusafiri unavuta kamba ya kutolea nje, tanga linajitokeza kwenye mwanya wa mlingoti na kunyooka juu ya mti wa chini. Ukitaka kupunguza tanga, unazungusha mhimili nalo linarudi ndani kiasi unachotaka. Mzee wa miaka sabini na mkewe wanaweza kuyafanya hayo wakiwa wameketi karibu na usukani. Mimi mwenyewe nimeufikia umri huo, na siwezi kukidharau chombo kinachomwezesha mzee asiache bahari.

Basi ugomvi wangu uko wapi? Ugomvi wangu ni na yule anayesema kwamba, kwa kuwa kazi haionekani, kazi imekwisha.

Litazame jahazi. Kila kitu chake kiko nje, mbele ya macho. Foromali linaonekana, henza inaonekana, gofia na roda zinaonekana, demani na goshi zinashikwa kila siku kwa mkono. Kamba ikianza kulika, nahodha huiona asubuhi kabla hajanywa kahawa. Tanga hufungwa juu ya foromali kwa nyuzi dhaifu ambazo hukatika zenyewe demani inapovutwa, na tanga likafunguka lote kwa mara moja. Huo nao ni mtambo wa kukunjia tanga, tena wa akili nyingi, na ukikosea hapa hapafichiki kitu. Lakini mlingoti unaomeza tanga umeificha kazi yote gizani. Beringi iko mita kumi na tano juu ya maji. Mhimili umo ndani ya bomba. Ukingo wa tanga umo ndani ya mfereji. Kutoonekana huko kunamaanisha kwamba ubaya utaanza bila kupiga hodi. Kwa hiyo mtambo wa namna hii unadai uangalifu mwingi kuliko jahazi, na muuzaji anayesema kinyume cha hayo anamdanganya mnunuzi mchana kweupe.

Hebu tuwahesabu maadui wake. Wa kwanza ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe ngumu, na chembe hizo huvuta unyevu tena kila usiku. Zinaingia katika beringi, katika gurudumu la kamba, katika mfereji wa mhimili. Dawa yake ni maji matamu, na si dawa ya gharama: ndoo chache, au mpira wa maji, mara kwa mara, mpaka yatoke safi. Hapa pana kosa ambalo hufanywa kwa nia njema. Mtu akiona kitu kinakwaruza hukimbilia grisi. Zipo beringi zinazotaka grisi ya aina maalumu, na zipo nyingine zilizotengenezwa zioshwe kwa maji matamu tu. Hizi za pili ukizipaka grisi umezikusanyia mchanga na vumbi, na doa litalifuata tanga mpaka mwisho wake. Kujua ipi ni ipi hakuhitaji shahada. Kunahitaji kuufungua ule mfuko wa nailoni.

Adui wa pili ni metali kulana. Mlingoti ni wa alumini, lakini bolti na ribiti nyingi ni za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja humla mwenzake, na hapa anayeliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti. Kijana asiyefundishwa huufuta kwa kitambaa akidhani ni chumvi, na anapomaliza kuufuta mlingoti unang'aa na hatari iko palepale. Bolti hizo zilipaswa kutiwa dawa ya kutenganisha metali tangu siku ya kufungwa, na kufunguliwa na kupakwa upya kwa vipindi. Iliyoachwa miaka mingi haifunguki tena bila kukatwa.

Adui wa tatu ni jua. Tanga limo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la saa sita hutupita wima juu ya utosi. Kitambaa cha dakroni hakiozi kwa ukungu kama ilivyooza marekani ya zamani, na hilo limewafanya watu wadhani hakifi. Hufa kwa jua. Tena uzi hutangulia kufa kabla ya kitambaa. Tanga kuu likiwa ndani ya mlingoti limejikinga, lakini pembe yake ya nyuma hubaki nje mchana kutwa, miezi na miezi, na tanga la mbele ndilo linaloumia zaidi kwa kuwa huviringwa nje kabisa. Ndiyo maana ukingo wake hushonewa kitambaa cha kinga. Kinga hiyo nayo huchakaa, nayo hutaka kushonwa upya. Ukivuta uzi kwa ukucha ukakatika kama uzi wa buibui, usisubiri upepo ukuambie mara ya pili.

Adui wa nne, ambaye ndiye hatari kuliko wote, ni kulegea. Turudi kwenye mkeka. Mkeka mpya ulionyooka huviringika ukawa mwembamba, nao huingia nyuma ya mlango bila taabu. Mkeka wa zamani, uliolegea katikati na kupinda pembezoni, huviringika kwa mikunjo na kuvimba. Tanga ni vivyo hivyo. Tanga lililozeeka likafanya tumbo huviringika nene, na ule uwazi ndani ya mlingoti hauongezeki ukubwa kwa kumhurumia mwenye tanga. Mkunjo mmoja ukijibana kwenye mwanya, tanga limekwama. Henza ikiwa imelegea, mikunjo huja. Henza ikikazwa kupita kiasi, beringi ya juu huumia na mzunguko unakuwa mzito. Mti wa chini ukiwa chini mno au juu mno, ukingo mmoja wa tanga hukazika na mwingine hulegea. Kwa hiyo lazima mtu ajue mti huo ushikwe kwa pembe gani, aiache kamba ya kutolea nje ikiwa na mkazo kidogo wakati wa kuviringisha, na ajue upepo uwe upande gani ili tanga liingie mwanyani bila kujikwaruza, kwa maana kila mtambo una upande wake. Hayo ni mambo ya kujifunza asubuhi moja. Lakini hayaji kwa kubahatisha.

Sasa sikiliza kwa nini nasema pana roho za watu hapa. Tanga la kawaida likikorofika, unafungua henza na linashuka kwa uzito wake. Tanga lililomo ndani ya mlingoti haliteremki mpaka litoke lote nje kwanza. Likikwama nusu ndani na nusu nje, halirudi wala haliji. Umebaki na nusu ya tanga limesimama, hulipunguzi, hulishushi, na upepo ndio kwanza unaongezeka. Wako waliolazimika kupanda mlingotini usiku na kisu. Mitambo mingine huviringisha tanga ndani ya mti wa chini, na hiyo ina nafuu moja: ikigoma, henza hufunguliwa na tanga likashuka kama zamani. Lakini hata hiyo hutaka pembe ya mti wa chini iwe sawasawa kabisa, la sivyo tanga hutambaa mbele au nyuma likajirundika. Hakuna mtambo uliosamehewa matunzo. Tofauti ni mahali tu ambapo kila mmoja utakuadhibu.

Na mota? Mota ndiyo iliyozidisha ujinga. Mkono una macho. Mtu anayevuta kamba kwa mkono huhisi ugumu unapoanza, akasimama, akatazama juu, akarudisha kidogo, akajaribu tena. Kidole kinachobonyeza kitufe hakihisi kitu. Mota itaendelea kuvuta kwa nguvu ileile, iwe tanga linaingia vizuri au linachanika, mpaka kitu fulani kikubali kushindwa. Mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni kitambaa. Simkatazi mzee mwenzangu mota. Namwambia awe na mtu wa kutazama mwanya wa mlingoti wakati kidole kiko kwenye kitufe, na ajue namna ya kuzungusha kwa mkono siku umeme utakapokatika. Kujifunza hilo wakati wa dhoruba ni kuchelewa.

Nimewaambia ubaya wa muuzaji. Sasa nimgeukie mwenye chombo. Mwenye yoti mmoja, ambaye simtaji wala sitaji nchi yake, alikiacha chombo chake hapa kwa miezi saba. Aliyelinda ni kijana wa mtaani kwetu, mwaminifu, asiyegusa kitu kisicho chake. Aliambiwa: usiruhusu mtu apande, toa maji yakiingia, washa injini mara moja kwa wiki. Kuhusu tanga hakuambiwa neno, na fedha za maji matamu hazikuachwa. Mwenyewe aliporudi alibonyeza kitufe siku hiyohiyo. Tanga likatoka robo, likakwama. Akabonyeza tena, akabonyeza tena, mpaka likapasuka kutoka pembe ya nyuma kuelekea juu. Kijana akakatwa mshahara wa miezi miwili kwa "uzembe".

Akaja kwangu jioni. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Wanasema nimeua tanga. Nami Mwalimu, tangu nianze kazi sijaligusa."

Nilimjibu kwamba hapo ndipo palipo na kosa, na kosa si lake. Tanga lile lilikufa kwa kutoguswa. Aliyelipwa kulinda alilinda. Kutunza hakuagizwa, hakufundishwa wala hakulipwa. Kulinda ni kumzuia mwizi anayekuja kwa miguu. Kutunza ni kumzuia mwizi anayekuja kwa chumvi na jua, ambaye hapandi ngazi na hapigiwi kelele. Mwenye mali asiyezitofautisha kazi hizo mbili, kisha akamkata mshahara maskini kwa ile ya pili ambayo hakumpa, amedhulumu. Nalisema hilo bila kupunguza makali, kwa kuwa vijana wetu wengi wanaishi kwa mishahara hiyo, na jina baya bandarini halisafishiki kwa sabuni.

Lakini upande wa pili nao haujasalimika. Wapo wazee wenzangu pale ufukweni ambao wakisikia kisa kama hicho hucheka na kusema: "Si tuliwaambia? Mitambo ya Kizungu! Jahazi halina beringi." Ni kweli halina beringi. Lakini nani aliyewaambia kwamba jahazi lilijitunza? Wamesahau kazi iliyokuwa ikifanywa. Jahazi lilipandishwa pwani maji ya bamvua, likalazwa, likachomwa kwa makuti ili kuua wadudu wa mbao, likapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mbao za juu zilipakwa sifa mpaka mtaa mzima unanuka. Nyufa zilitiwa kalafati ya pamba. Tanga la marekani halikukunjwa bichi hata siku moja, kwa kuwa likikunjwa bichi lilivunda. Majahazi makubwa yalichukua matanga zaidi ya moja, kubwa na dogo, ili upepo ukizidi foromali literemshwe na tanga libadilishwe. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji kati ya mwaka 1938 na 1939, aliieleza kazi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1940, nayo haikuwa kazi ya kuketi barazani. Walioacha kutunza majahazi hawana haki ya kuwacheka walioacha kutunza mitambo. Ugonjwa ni mmoja.

Na bahari haibagui. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na merikebu bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu. Watu wakasema ni jambo la mara moja. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapita kusini yetu kuelekea Msumbiji, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania yenyewe. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini nadra si kamwe. Tanga la mbele lililoviringwa likaachwa mahali pake wakati wa kimbunga hufunguliwa na upepo, na likishafunguka huwa ndilo linalong'oa mlingoti. Kanuni ni kulivua mapema na kulitia ndani. Kulivua kunahitaji henza inayoshuka, mfereji uliosafishwa na kizungushi kinachozunguka. Nani atavipata siku hiyo, kama hakuvigusa mwaka mzima?

Nimeuchimba ugonjwa huu mpaka mzizi wake, na kwa masikitiko nimeukuta darasani. Sisi walimu tunayo sehemu yetu ya lawama kama taifa la walimu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe pia mahali pa kazi. Tulipata mashamba, karakana, majembe na misumeno. Lakini mtihani uliuliza jembe linatumikaje. Haukuuliza linasafishwaje na kuwekwa wapi jioni. Na kila mwalimu anajua kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi. Katika chuo kimoja nilichofundisha nikiwa bado kijana, ililetwa pampu ya maji. Utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, ngoma ikapigwa. Bajeti ilikuwa na fungu la kununua na fungu la sherehe; fungu la oili halikuwapo. Wakufunzi wawili waliliandikia jambo hilo wakubwa, nao wakajibiwa kwamba pampu bado ni mpya. Haikuzeeka. Ilikufa ikiwa mpya, na walimu watarajiwa wakarudi kubeba ndoo kichwani. Wakahitimu, wakaenda kufundisha nchi nzima kile walichojifunza kwa macho yao: kwamba kitu hununuliwa, huzinduliwa, kisha husubiriwa kife.

Methali ya usipoziba ufa tunaiimba tangu darasa la kwanza. Tumeiimba mpaka imekuwa wimbo, na wimbo haumshughulishi mtu kuchukua mwiko na udongo. Ningependa mwanafunzi apewe ufa halisi, autafute, auzibe, apewe alama kwa hilo.

Watanijibu kwamba matunzo ni gharama. Ni kweli. Lakini hesabu ya gharama ina pande mbili, nao hutuonyesha upande mmoja tu. Maji matamu, nusu siku ya kazi ya kijana, uzi na sindano ya fundi wa matanga: weka hayo upande mmoja. Upande wa pili weka tanga jipya, lishonwe ng'ambo, lisafirishwe, lilipiwe ushuru bandarini, na chombo kikae miezi bila kwenda kokote. Sijaona mtu aliyeziandika pande zote mbili kwenye karatasi moja kisha akachagua uzembe. Hawaziandiki, basi.

Nini kifanyike? Nawaambia vijana wetu waifuate kalenda ambayo Mungu ameiweka tayari. Tunazo pepo mbili kubwa, kaskazi na kusi, na kati yake vipindi vya utulivu. Kila upepo unapobadilika, tanga lifunguliwe lote siku isiyo na upepo, litazamwe mshono kwa mshono, lioshwe, likaushwe, lirudishwe. Mtu mzoefu apande juu akague kizungushi na mwisho wa henza. Kamba inayozungusha mtambo itazamwe mahali inapopita kwenye roda, maana hulika palepale kila siku. Igeuzwe ncha kwa ncha kabla haijafika kwenye moyo wake. Kila wiki mbili, maji matamu. Na kila kilichofanywa kiandikwe kwenye daftari kwa tarehe, ili siku mwenye chombo akija na neno "uzembe", kijana amfungulie daftari badala ya kumfungulia machozi.

Mwenye chombo naye afanye mambo matatu kabla hajapanda ndege: aeleze kazi, aache fedha za kazi, aache kitabu nje ya mfuko. Na sisi tunaojua lugha zote mbili tuwaandikie vijana karatasi moja ya Kiswahili kwa kila mtambo, itundikwe ndani ya chombo. Nimekwisha kuandika nne. Si kazi kubwa kwa mstaafu, na zinasomwa kuliko kitu chochote nilichopata kuandika.

Kiswahili chetu kimelipa neno hili maana mbili, nami sidhani ni kwa bahati tu. Matanga ni yale yanayopokea upepo, na matanga ni zile siku tunazoketi chini kumlilia marehemu. Anayekataa kushughulika na matanga ya kwanza asidhani amejipatia mapumziko. Watakaoketi katika yale ya pili ni jamaa zake, na hapo hakuna kitufe cha kubonyeza.